Kidole cha Maman Nsimire

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimerudi kutoka Kavumu saa kumi na moja. Matope mpaka magotini. Viatu nimeviacha nje, mama amevitazama bila kusema kitu, na huko kutosema nakujua. Nimefikisha wajane tisa, bado watatu. Profesa alisema kumi na wawili, na akisema kumi na wawili hataki kumi na mmoja. Yeye ndiye directeur wa mémoire yangu, kitabu changu cha kumalizia masomo ya sheria. Kichwa chake ni kigumu kuliko changu, na changu mama hukiita jiwe.

Swali la kumi na nne linanitesa. "Umewahi kupoteza shamba kwa sababu ya karatasi?" Wote tisa wamejibu hapana. Mémoire nzima nimeijenga juu ya kwamba karatasi za mjini zinawanyang'anya wajane mashamba, na wajane wenyewe wananijibu hapana huku wanamenya mihogo. Ninahitaji ndiyo moja tu. Mungu anisamehe, leo kwenye taxi nimeomba apatikane hata mmoja.

Wa mwisho leo alikuwa Maman Nsimire. Anaishi kijijini nyuma ya soko la Kavumu. Mumewe alikufa miaka sita iliyopita, watoto wawili, wote wasichana. Shamba ni la kalinzi: babu wa mumewe alimpa chifu ng'ombe, na tangu siku ile ni la ukoo, haliuzwi. Mume alipokufa, shemeji yake Mushagalusa alikubali mbele ya watu kwamba mjane alime pale mpaka atakapokufa. Nikauliza, kuna maandishi? Akanitazama kama nimeuliza kama mvua ina risiti. Walikunywa kasiksi, akasema, pombe ya ndizi, mtungi mmoja, mashahidi watano. Basi. Nikaandika pembeni: "hakuna ushahidi". Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Fomu ya ridhaa. Profesa alisema asiyejua kuandika akubali kwa mdomo, mimi niweke alama tu. Mimi nikaona hiyo ni kazi ya kitoto. Wale wanane wa kwanza walijua kuandika majina yao. Yeye hajui, nikatoa kidau changu kipya cha wino wa bluu na fomu yenye muhuri wa fakulte. Muhuri nilimbembeleza katibu wiki nzima. Unapendeza sana, wa duara.

Tulikuwa tumekaa uani, karibu na njia, watu wanapita kwenda sokoni. Kabla ya kuchovya kidole kwenye wino aliniuliza: "Kidole yangu inaenda wapi?" Nikacheka. Nikamwambia: "Inaenda Bukavu, maman. Itakaa mu kitabu." Akabonyeza. Kisha akapangusa kidole kwenye jani la mgomba, wino ukakataa kutoka. Nikamwambia utatoka kesho.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Maktaba tangu asubuhi. Umeme umekwenda saa nne, nimeandika kwa mkono. Sura ya pili imekwisha. Nimepanga fomu tisa kwenye faili ya plastiki, ile ya kidole nimeiweka juu. Nimemwonyesha kila aliyekaa nami mezani. Mmoja akasema, wewe unakwenda kuwa jaji. Sikukataa.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Furaha amepiga simu. Ni binti mkubwa wa Maman Nsimire, ndiye alinipeleka kwa wajane. Huniita yaya, kama ndugu mkubwa. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Amesema: "Yaya, batu banasema mama aliuzisha shamba kwa batu ba Bukavu. Baliona kidole yake iko bluu." Shemeji Mushagalusa amekuja uani na kupiga kelele. Amesema ardhi ya babu yake imekwenda mjini kwenye karatasi yenye muhuri.

Nikamwambia huo ni ujinga, ile ni fomu ya utafiti tu. Nikaanza kumweleza maana ya ridhaa. Mimi, mwanasheria. Furaha akasema: "Yaya, usinielezee mimi. Kuja uelezee tonton." Tonton ni Mushagalusa, ndugu ya baba yake. Nikajibu nitampigia baadaye.

Sikumpigia.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Sijampigia.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Furaha amepiga mara tatu. Nilikuwa nimeketi, simu mkononi, naitazama inavyolia. Hakuna kazi iliyonishika. Nimeandika hapa kusudi siku moja nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa darasani.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Leo nimepokea. Mushagalusa amepanda migomba kumi na mmoja katikati ya maharagwe ya Maman Nsimire. Maharagwe yalikuwa yameanza kuota. Kule kwetu Bushi shamba la kupewa kwa neno unapanda maharagwe, mihogo, viazi. Ukipanda mgomba umesema shamba ni lako, maana mgomba unakaa kuliko wewe. Hilo nimelisoma. Nimeliandika kwenye sura ya kwanza, ukurasa wa kumi na tisa, na rejeo chini.

Furaha anasema tonton hasemi anamnyang'anya mjane. Anasema anawahi kabla wenye karatasi hawajaja na polisi. Nadhani anaamini hivyo kweli. Hilo ndilo baya zaidi. Angekuwa mwizi ningemchukia nikalala.

Wenye karatasi ni mimi.

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Nataka kuandika hili kwa haraka.

Nimemaliza sura ya tatu. Nimeweka humo mfano. "Katika kijiji kimoja karibu na Kavumu, mtu mmoja kutoka mjini alifika na karatasi yenye muhuri na kumwekesha kidole mjane asiyejua kusoma. Wiki mbili baadaye mjane alipoteza matumizi ya shamba." Kila neno ni kweli. Nimetafuta uongo ndani yake, sikuupata. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika.

Nimeituma kwa profesa saa nane.

Jumanne, tarehe 26 Machi

Profesa ameniita ofisini. Sijawahi kumwona amefurahi. Alisimama! Amesema miaka yote anasoma mémoire za wanafunzi wanaonakili vitabu vya watu, na leo amesoma kitu kilichotoka shambani. Mfano huu, akasema, ndio moyo wa kazi yako, uweke mwanzo kabisa. Nitatetea mémoire mwezi wa sita, duru ya kwanza.

Kisha akauliza, taratibu tu, huku anatafuta miwani: yule mtu wa mjini ni nani?

Nikajibu: "Sikumfahamu, profesa."

Ile "ndiyo" niliyoiomba kwenye taxi nimeipata. Naona haya hata kuandika.

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Pasaka imepita. Kanisani nilikaa nyuma. Padri alisema habari za Petro aliyekana mara tatu, kila mwaka anazisema, na kila mwaka huwa nawaza chakula. Mwaka huu sikuwaza chakula.

Mama ameuliza kwa nini sili. Nikamwambia ni mitihani. Akasema: "Mitihani ilikuwa mwezi wa pili." Akaondoa sahani.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili

Nimekwenda Kavumu peke yangu. Nimeharibu zaidi.

Nilijipanga usiku kucha. Nilivaa suti ile nyeusi ya kutetea mémoire. Nilibeba ile fomu yenyewe. Nikafika kwa Mushagalusa, nikamkuta ameketi anachonga mpini wa jembe. Si mtu mkubwa. Nilikuwa nimemfikiria mkubwa. Akanipa kiti. Sikumsalimu vizuri, niliingia moja kwa moja. Nikatoa fomu, nikaisoma kwa Kifaransa, nikatafsiri kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Hakuna neno shamba la kuuza hapa, nikamwambia. Watu wakaanza kukusanyika kwenye ua. Nikainua karatasi juu kusudi wote waone.

Wakaona. Waliona muhuri, wakaona kidole cha bluu cha Maman Nsimire. Mpaka leo ilikuwa ni maneno ya njiani tu. Mimi ndiye niliyewaletea ushahidi na kuuinua juu.

Mushagalusa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mutoto, karatasi yenye inakuja kukamata shamba, nayo itasema haikuje kukamata. Sasa mi nitazitofautisha namna gani?" Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikamwambia kuna mahakama, kuna kifungu cha sheria, naweza kuandika barua. Kwa sauti kubwa. Mimi, mgeni, kwenye ua wa mtu, nimekalia kiti chake. Yeye akarudi kwenye mpini wake. Mzee mmoja wa kike akatema mate chini, pale pale mbele ya viatu vyangu.

Mdomo uliponza kichwa. Lakini kichwa kilichoponzwa si changu.

Nilipita kwa Maman Nsimire. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alikuwa anang'oa maharagwe yaliyoharibiwa na mashimo ya migomba, machanga, hayafai kitu, anayatupia mbuzi wa jirani. Akanipa viazi vitamu vinne vya kuchemsha, nikavila nimesimama. Akaniuliza kama njia ilikuwa na matope. Nikasema ndiyo.

Kidole chake hakina wino tena. Nilikitazama.

Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Mama amejua. Furaha alipiga nikiwa bafuni, mama akapokea.

Nilitoka nikamkuta ameketi kitandani mwangu, simu kwenye mapaja. Mama alizaliwa Walungu, sisi tumezaliwa hapa mjini, Kasha ya Bagira, tunajua Mashi, lugha ya Bushi, ya salamu na ya matusi tu. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Ulienda kuomba maneno ya shamba kwa batu, ulipeleka pombe?"

Nikasema hapana, mama, ni utafiti.

Akapiga makofi, makofi yale ya msiba. "Wajane tisa! Mikono mitupu! Na wewe ni mutoto wa Mushi." Akaendelea kwa nusu saa. Kwamba kule watu hawana karatasi, wana midomo iliyokunywa pamoja. Aliyekunywa kwenye ule mtungi hawezi kukana kesho. Mimi nilifika nikakunywa nini? Nilikunywa nini na nani? Nilichukua kidole cha mama wa watu nikaondoka nacho mchana kweupe, nani asiseme nimenunua?

Nikaukumbuka mtungi na mashahidi watano. Nikaenda kwenye daftari nikatazama pale pembeni. "Hakuna ushahidi." Mistari miwili chini yake.

Nikamwambia mama na lile la profesa. Kwamba nilimwambia simfahamu yule mtu. Akanirudishia simu. Akasema: "Mficha uchi hazai. Kesho uende." Akatoka kwenda kufua, na siku ya kufua si leo.

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Sikwenda. Mvua.

Alhamisi, tarehe 11 Aprili

Haikuwa mvua.

Leo nimekwenda. Nilisubiri nje ya ofisi tangu saa mbili mpaka saa sita, kila anayetoka natamani asiwe wa mwisho. Nikaingia. Nikasema: "Profesa, yule mtu wa mjini ni mimi." Nilikuwa nimetunga maneno mengi, yote yakapotea, yakabaki hayo.

Hakusimama leo. Alivua miwani. Akauliza kwa nini kidole, yeye aliniambia mdomo unatosha. Nikasema nilitaka ionekane ya maana. Akauliza kwa nini nilimdanganya. Nikasema kwa sababu ulikuwa umefurahi. Ndivyo ilivyo, sina jibu jingine.

Nje watu walikuwa wanacheka kwenye korido. Kisha akasema mambo mawili. Kwanza, sitatetea duru ya kwanza. Kitu nilichofanya kina jina, na mémoire yenye kitu hicho ndani yake yeye hatii sahihi. Pili, ule mfano niuondoe au niandike humo ni nani. Chaguo ni langu. Ila kabla ya kuchagua, nirudishe shamba la watu. Sijui utafanyaje, akasema, mimi nimesomea sheria kama wewe.

Nimetembea kwa miguu mpaka Bagira. Sikutaka kukaa karibu na mtu kwenye taxi.

Aibu nyingine ni hii: njiani nililia, na nililia kwa ajili ya mwezi wa sita, si kwa ajili ya Maman Nsimire. Suti nilishaishonesha. Shangazi yangu wa Kalehe alishaambiwa.

Jumapili, tarehe 14 Aprili

Nimemwambia baba. Amesema "haya". Ameongeza sauti ya redio.

Jumatano, tarehe 24 Aprili

Mama amekwenda Kavumu bila mimi. Mara mbili sasa. Hataki niende, anasema mimi nitafungua kinywa. Amekaa na shefu wa kijiji, amekaa na bibi yule aliyetema mate, kumbe naye ni mmoja wa wale mashahidi watano. Mmoja amekufa. Wamebaki wanne. Wamekubali tuje Jumamosi ya tarehe nne.

Amerudi amechoka, miguu imevimba. Nilimchemshia maji ya chumvi nikamwosha. Hajaniruhusu kumwosha miguu tangu nilipoanza chuo, alikuwa anasema mwanasheria haoshi miguu ya mtu. Leo ameacha.

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Tulibeba kasiksi bidoni mbili za plastiki, kila moja kwenye pikipiki yake, mimi nimeikumbatia ya pikipiki ya nyuma kama mtoto. Mama aliniambia niache suti. Nilivaa kitenge chake. Tulikaa kwenye ua wa Mushagalusa: yeye, shefu, mashahidi wanne, Maman Nsimire na binti zake, na kijiji kizima kwenye uzio.

Kwanza nilikunywa mimi, wote wananitazama, wajue hakuna sumu. Kisha ikazunguka. Hakuna aliyesema neno la shamba mpaka bidoni ya kwanza ilipofika nusu. Mimi nilitaka kuanza mara tatu, mara tatu mama akanibana paja.

Kisha shefu akanipa neno. Mama alikuwa amesema nizungumze Mashi. Nikasimama. "Asinge," nikasalimu, na wanawake wakacheka kwa jinsi nilivyoitamka. Wacheke. Nikasema jina langu na la baba yangu na la babu yangu. Nikasema nilikuja kuuliza habari zenu mikono mitupu, nikachukua kidole cha mama huyu, nikakipeleka mjini. Sikununua shamba. Hakuna aliyenituma. Karatasi hii haina shamba ndani yake, ina ujinga wangu tu. Maneno yaliponiishia nikamalizia kwa Kiswahili.

Mushagalusa akauliza: "Na ile muhuri?"

Nikasema: "Niliiomba mimi, papa. Kwa majivuno." Ile "papa" ya heshima sikuipanga. Siku ile ya suti sikumwita kitu.

Akatikisa kichwa, akanywa. Sikuona kama ameshinda. Niliona mtu aliyepumua. Alisema tangu mwezi wa tatu kila akisikia gari linasimama barabarani anatoka kutazama. Usiku anatoka na panga kutazama migomba. Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilimfikiria kama sura ya tatu.

Shefu akasema karatasi ichomwe. Nikaitoa. Maman Nsimire akasimama, mara ya kwanza siku hiyo, akasema ngoja. Akaichukua. Akaomba wembe kwa binti yake. Akakata pale chini, taratibu, kipande kama cha stempu, chenye kidole chake. Akakikunja, akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake kiunoni. Kisha akanipa iliyobaki, nami nikaitia motoni, muhuri na yote.

"Sasa imerudi," akasema.

Bibi yule wa mate ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote.

Nilidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Wakaenda kutazama shamba, sisi nyuma. Migomba kumi na mmoja. Mashahidi wakashauriana. Saba iling'olewa palepale, Mushagalusa mwenyewe aliing'oa. Lakini minne ya upande wa juu, karibu na mfereji, ilikuwa imeshika, imetoa majani mapya. Mgomba ulioshika haung'olewi kwa pombe, wakasema, huo umekwisha kusema. Ile sehemu ya juu ni ya Mushagalusa sasa. Nilipima kwa macho, kisha nikapima kwa miguu nikijifanya natembea. Hatua saba kwa upana, urefu wote wa shamba. Pale ndipo udongo ulipo mweusi.

Nikafungua kinywa. Mama akanibana paja.

Maman Nsimire alisema "koko", aksanti kwa Mashi, kwa wote, mmoja mmoja. Mpaka kwangu. Sikuweza kumtazama.

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Najisemea angalau amepata sehemu kubwa. Kisha nakumbuka kwamba tarehe tatu Machi alikuwa na shamba zima.

Hatua saba. Hakuna wa kumrudishia. Sheria ninaijua, desturi nimeijua sasa, na kote hakuna.

Jumanne, tarehe 21 Mei

Nimeandika sura ya tatu upya. Nimeandika: "Mtu huyo ni mwandishi wa kazi hii." Nimeifuta. Inajificha. Nimeandika: "Mtu huyo ni mimi." Profesa anakataza "mimi" kwenye mémoire, anasema si barua ya mchumba. Nimempelekea hivyo hivyo.

Amerudisha na alama nyekundu kila ukurasa, koma, rejeo, kifungu kilichokosewa. Kwenye sentensi ile hakuweka alama.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Wenzangu wametetea leo. Nilikwenda, ningekuwa na roho mbaya nisingekwenda. Suti, maua, unga wa kumwagiana vichwani, mama zao wanapiga vigelegele mpaka barabarani. Mmoja aliniuliza yako lini, na yule aliyesema nitakuwa jaji akamkanyaga mguu. Kumbe wanajua. Nilimwagiwa unga na mimi kwa bahati mbaya. Niliukung'uta nyumbani, nje, kabla mama hajaona.

Roho mbaya ninayo. Niandike ukweli. Niliwaonea wivu wote mpaka aliyepata alama za mwisho.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Kavumu. Jua kali, hakuna matope.

Bado wajane watatu. Profesa hajasahau. Nilikuwa na kibuyu cha kasiksi na hofu. Maman Nsimire alinisubiri njiani, hatukuwa tumeagana hivyo. Akasema ataniongoza yeye, wale watatu hawatafungua mlango wakiniona peke yangu. Tukaenda nyumba kwa nyumba. Yeye anasalimu, tunakunywa, kisha anasema: "Huyu ni ule mutoto wa kidole. Amekwisha kujifunza. Mumujibu." Mara tatu nilijulishwa hivyo, na mara tatu nikakubali kwa kichwa.

Hakuna fomu. Mdomo tu, mimi naweka alama.

Swali la kumi na nne, wote watatu: hapana.

Kurudi tukapitia shambani kwake. Anavuna maharagwe. Nilimsaidia kupura mpaka mgongo ukauma. Upande wa juu migomba minne imenipita kimo sasa. Majani yake yanafika mpaka kwenye mistari ya maharagwe, na mistari hiyo haikuzaa.

Nilipofunga daftari aliuliza kama nimemaliza maswali yote. Nikasema yote, maman. Akasema hapana, jibu langu moja halikuandikwa vizuri. Lile la karatasi. Mwezi wa tatu nilikujibu nini?

Nikafungua ukurasa wake. Ulijibu hapana, nikamwambia.

Alikuwa anapepeta, hakuacha kupepeta. "Andika ndiyo," akasema.

Nikaifuta hapana, nikaandika ndiyo. Aliniambia nimsomee, nikamsomea. Kisha akanifungia maharagwe ya kumpelekea mama, na nikashuka barabarani kutafuta taxi.